Vipande vya Mbao Navyo ni Mtaji



Masalio ambayo mafundi seremala wa Karatu walikuwa wakiyachoma moto, sisi tumeyafanya mtaji. Vipande vya mgrivea tunavikausha kivulini kwanza, maana mti mbichi hupasuka; ndipo tunachonga miiko na twiga wadogo wa kuuza mnadani na kwa watalii waendao Ngorongoro.

Wapo wanaotuletea magogo ya bei poa toka msituni kule juu kreta. Tumekataa, na tuzidi kukataa. Chemchemi zetu zinategemea msitu ule. Kipande kisichojulikana kilikotoka hakiingii kikundini, hata akilete mwenyekiti.

Mwaka 2020 korona ilipozuia watalii, hisa zetu ndizo zilizotushika mkono. Basi tusiache kuweka, jamani.