Daftari la Skuli na Hesabu ya Kufaulu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Wete, Pemba)



Nimetakiwa kusema maneno machache juu ya watoto wa skuli zetu za msingi hapa Wete, na kwa nini baadhi yao hufaulu na wengine huanguka. Mimi si mwalimu, wala sitaki kuwafundisha walimu kazi yao. Nitasema kama karani, kwani jambo hili lina upande wake wa daftari, na upande huo ni wetu.

Kwanza yatupasa kujua idadi ya watu wetu. Katika hesabu ya mwaka 2012 Pemba ilikuwa na watu 406,848. Katika ile ya mwaka 2022 walikuwa 543,441. Mkoa wetu wa Kaskazini peke yake ulitoka 211,732 ukafika 272,091. Maana yake ni kwamba kisiwani, kwa kila watu watatu waliokuwako, ameongezeka mmoja katika miaka kumi. Tena tangu tarehe 23 Septemba 1964, ilipotangazwa elimu bila ya malipo, mtoto wa mvuvi na wa mkulima ana haki ya kuandikwa sawa na mtoto wa karani. Basi haikuwa ajabu madarasa kujaa, na skuli kugawa siku kwa mikondo miwili, wengine wakiingia asubuhi na wengine mchana. Skuli za ghorofa zilizojengwa miaka ya karibuni zimeanza kupunguza dhiki hiyo, lakini darasa jipya halimrudishi mtoto aliyekwisha kutoka.

Yatokapo majibu ya mtihani, watu huuliza swali moja tu: wamefaulu wangapi kwa mia? Natoa mfano wa hesabu tu, si wa skuli yo yote. Tuseme watoto 80 waliandikwa darasa la kwanza. Waliofika kwenye mtihani wa darasa la sita ni 50. Waliofaulu ni 40. Taarifa itasema wamefaulu 80 kwa mia, na watu watafurahi. Lakini ukihesabu tangu siku ya kuandikwa, ni 50 kwa mia. Wale 30 hawakuanguka mtihani, wala hawakufaulu. Hawamo katika hesabu kabisa.

Ni akina nani hao? Kila mtu wa Pemba awajua. Wako walioacha daftari msimu wa karafuu, wakaenda kuokota mpeta chini ya mikarafuu na kuchambua usiku pamoja na mama zao, na walipokosa majuma kadhaa wakaona haya kurudi. Wako waliokwenda dago pamoja na wavuvi. Wako walioshindwa darasa la tano, kwani sera ya mwaka 2006 iliagiza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa hilo, na mtoto aliyekuwa akielewa jana akajiona leo mjinga. Kadhalika tutazame wavulana na wasichana. Serikali ilipofungua skuli ya kwanza ya wasichana mjini Unguja mwaka 1927, shida ilikuwa kuwapata wasichana. Siku hizi walimu wengi huuliza wavulana wamekwenda wapi.

Sasa naomba ruhusa niseme kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa karani kijana, katika ofisi ambayo haifai kuitaja, niliamriwa kunakili orodha ya wanafunzi iwe safi. Nikapiga mstari majina ya wote waliokuwa hawaonekani kwa muda mrefu. Orodha ikapendeza, nami nikasifiwa. Mmoja katika hao alikuwa mtoto wa jirani yangu, aliyekwenda dago na ami yake baada ya baba yake kuugua. Aliporudi hakukuta jina lake, wala hakupata nambari ya mtihani. Mama yake alinijia nyumbani. Hakunigombeza, aliniuliza tu, “Bwana, nani aliyemfuta mwanangu?” Sikuweza kumjibu, maana mkono ulikuwa wangu.

Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mabwana, mtoto naye hupotea vivyo hivyo, na mbaya zaidi ni kupotea kwa kalamu ya mtu aliyelipwa kumwandika.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. La kwanza, taarifa yo yote ya skuli ipitayo mikononi mwetu ionyeshe hesabu nne pamoja: walioandikwa, wanaohudhuria, waliofanya mtihani na waliofaulu, wavulana mbali na wasichana mbali, na kila mkondo peke yake. La pili, jina lisifutwe mpaka pembeni pameandikwa sababu, na mzazi ameulizwa. La tatu, tusimlaumu mwalimu wala kumsifu kwa kutazama hesabu ya mwisho tu. Mwalimu aliyewashika watoto wake wote, hata wale wazito, huenda akaonekana wa nyuma kwa yule aliyebakiwa na wepesi.

Haya hayahitaji fedha. Yahitaji mistari michache zaidi katika karatasi, na karani asiyeona taabu kuijaza kwa haki.