Wakili Kabla ya Mgogoro: Nikeli, Kinywe na Nyuklia katika Bonde la Mbwemkuru

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa vijiji, na ninyi wasaidizi wa kisheria wa Nachingwea na Ruangwa,

Nimepewa mada ya uwakilishi wa kisheria katika migogoro na udhibiti wa nishati ya nyuklia. Tanzania haina kinu hata kimoja cha umeme wa nyuklia, na urani inayozungumzwa zaidi nchini iko Mto Mkuju, Namtumbo, siyo hapa. Hata hivyo sikuona sababu ya kuikataa mada. Mgogoro wa nyuklia ni binamu wa mgogoro wa madini: leseni ya muda mrefu, mwekezaji wa nje, ardhi ya kijiji, na sheria zinazosomwa na wachache. Na mgogoro wa namna hiyo mmeshakuwa nao hapa hapa Nachingwea, ukaishia Washington.

Nazungumzia nikeli ya kilima cha Ntaka. Kampuni ya utafiti yenye asili ya Australia ilikuwa na leseni hodhi, yaani leseni ya kushikilia eneo wakati ikisubiri soko na mtaji. Mwaka 2017 Sheria ya Madini ikarekebishwa, na kanuni za Januari 2018 zikafuta leseni hodhi zote nchini. Desemba 2019 Tume ya Madini ikatangaza zabuni ya maeneo hayo. Mwaka uliofuata wawekezaji wakafungua shauri katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji cha Benki ya Dunia, ICSID, wakitumia mkataba wa uwekezaji wa mwaka 1994 kati ya Tanzania na Uingereza. Julai 2023 jopo likawapa ushindi wa zaidi ya dola milioni 109 za Marekani, pamoja na riba na gharama. Serikali ikaomba tuzo hiyo itenguliwe, kisha Julai 2024 pande mbili zikamalizana kwa dola milioni 90, zilipwe kwa awamu tatu hadi Machi 2025.

Tuangalie nani alikuwa na wakili. Wawekezaji walikuwa na mawakili waliobobea, na gharama zao zilibebwa na kampuni ya kufadhili kesi, ambayo hulipwa kesi ikishinda. Serikali ilikuwa na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa kazi za aina hiyo. Wanakijiji wanaolima ufuta na korosho kuzunguka Ntaka hawakuwa upande wowote wa shauri. Mkataba unampa mwekezaji peke yake haki ya kushtaki. Mwenye shamba hatajwi.

Mlango mdogo upo. Katika shauri la maji ya Dar es Salaam, Biwater Gauff dhidi ya Tanzania, jopo la ICSID liliruhusu mwaka 2007 asasi za kiraia, zikiwemo LEAT, asasi ya wanasheria wa mazingira, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kuwasilisha hoja za maandishi ingawa hazikuwa sehemu ya kesi. Hoja hizo hazikuandikwa na wakazi wa jiji hilo. Ziliandikwa na mawakili waliokuwa wakilifuatilia jambo hilo mapema.

Sasa kinywe, yaani grafiti. Ruangwa mna miradi ya Nachu, Chilalo na Lindi Jumbo. Kampuni iliyoanzisha mradi wa Nachu iliitwa Uranex, na kabla ya kuja kwenye kinywe ilikuwa ikitafuta urani nchini humu humu. Kinywe chenyewe kina historia na nyuklia: kinu cha kwanza duniani, Chicago mwaka 1942, kilijengwa kwa matofali ya kinywe, na vinu vya Chernobyl navyo vilikitumia. Msitishike. Kinywe cha vinu hutengenezwa zaidi kiwandani kutokana na mabaki ya mafuta ya petroli, na cha Ruangwa kinatafutwa kwa ajili ya betri. Nimelitaja kwa sababu uvumi wa mionzi husambaa haraka kuliko taarifa, na wakili mzuri huanza kwa kumwondolea mteja wake hofu isiyo na msingi ili waipiganie ile yenye msingi.

Kwa nyuklia yenyewe, swali la kwanza la wakili ni hili: mdhibiti ni nani, na ana kazi gani nyingine? Kwa Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003, Tume yetu ya nguvu za atomu yenye makao makuu Arusha inadhibiti mionzi na papo hapo inahimiza matumizi ya teknolojia hiyo. Kenya wametenganisha: mamlaka ya udhibiti iliundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na wakala wa kuendeleza nyuklia ni chombo kingine. Hata hivyo, wananchi wa Uyombo, Kilifi, waliingia barabarani Mei 2024 kuukataa mtambo uliopangwa kwao, na baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya. Naona Uyombo walisikika kwa sababu walijipanga na asasi zao kabla shimo la msingi halijachimbwa. Kutenganisha vyombo peke yake hakukuwatosha.

Tuje kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelishuhudia: siku ya uthamini. Mthamini anafika na kifaa cha GPS, na kijana wa kushika kibao cha namba. Mwenye shamba anasimama mbele ya mkorosho, kibao kifuani, anapigwa picha. Miti inahesabiwa kwa umri. Fomu inajazwa juu ya kiti cha pikipiki, anatia dole gumba, basi. Fomu ile ndiyo kesi yake yote ya baadaye, na mara nyingi anaondoka bila nakala. Je, posho ya usumbufu, ya makazi na ya usafiri zimeandikwa? Tarehe ipo? Tarehe ina uzito: kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inaanza kuzaa riba, na uthamini wenyewe una uhai wa miaka miwili. Wakili anayeitwa mwaka wa tatu anakuta karatasi zimeshachacha.

Nani basi asimame naye? Mwanasheria wa Halmashauri ni mtu wenu, lakini mteja wake ni Halmashauri. Hawezi kumtetea mwanakijiji dhidi ya mwajiri wake. Msaidizi wa kisheria, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, anaelimisha na kuelekeza, ila hasimami mahakamani. Baraza la Ardhi la Kata halipokei mawakili, na tangu mwaka 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Ukitaka kuishtaki Serikali, notisi ya siku 90 kwanza, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Upande wa mazingira njia ni pana zaidi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamruhusu mtu yeyote kufungua shauri kulinda haki ya mazingira safi. Sijui kwa nini tunaitumia kidogo namna hii.

Ninachopendekeza mkijadili mchana huu ni cha kifedha. Migodi inalipa ushuru wa huduma, unaokokotolewa kwa asilimia ya mauzo, kwa Halmashauri zenu. Tengeni sehemu yake, kwa azimio la baraza la madiwani, imlipe wakili wa kujitegemea ambaye vijiji vyenyewe vitamchagua na anayewajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji, siyo kwa mkurugenzi wa Halmashauri. Awepo wakati tathmini ya athari kwa mazingira inapojadiliwa na wakati wa uthamini. Mkurugenzi atauliza fungu hili linaingia kwenye kifungu gani cha bajeti; mweka hazina yupo hapa, naomba aanze yeye.