Pomadi ya fluorourasili kwa ndugu zetu albino



Kati yetu tuliorudi kuna ndugu albino wenye magamba makavu usoni na masikioni. Ni jua hilo, la miaka mingi. Si kansa bado, lakini yanaweza kugeuka kansa.

Fluorourasili ilitengenezwa Marekani, 1957. Seli inayozaana haraka inaipokea ikizani ni kitu chake, kumbe inazuiwa kutengeneza DNA, inakufa. Kwa sindano inatibu kansa ya matumbo na ya maziwa. Pomadi ya 5% ni ya magamba haya na kansa fulani za juu juu ya ngozi.

Sasa musikilize vizuri. Kawaida inapakaliwa mara mbili kwa siku, juma mbili mpaka ine, munganga akifuatilia. Ngozi itakuwa nyekundu, itauma. Hapo ndipo wengi wanaitupa, eti imewachoma. Hapana! Ndiyo inafanya kazi. Muulize munganga mbele ya kuacha. Mwenye mimba asiiguse. Wala si mafuta ya kujichubua, wamama.

Kidonda kinachovimba ao kutoka damu kipimwe kwanza.

Wafadhili, pamoja na pomadi tunaomba kofia pana.