Gari la Chama Likimisi, Tupime Kabla ya Kununua

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mungaa, Singida)



Nimeombwa niseme habari za hati za malipo, nami nitazisema kwa njia ya injini. Katika chama kimoja nilichokikagua, ambacho sitakitaja, nilikuta hati nne za matengenezo ya gari moja: plagi mpya, kisha koili, kisha kabureta, kisha plagi tena. Kila hati ilikuwa na sahihi zake na stakabadhi yake. Hata hivyo gari lilikuwa bado linapiga chafya kila lipandapo kilima, na alizeti ya wanachama ilikuwa ghalani ikingoja lori la kukodi. Ubovu wenyewe ulikuwa valvu moja iliyoungua. Fedha ilitoka mara nne, wala hapana hati hata moja iliyoeleza ni kipimo gani kilichoonyesha kuwa kifaa kile ndicho kibovu.

Mafundi husema injini “inamisi” pale silinda moja au zaidi inapokosa kuchoma mafuta yake kwa zamu yake. Nazungumzia magari ya petroli ya zamani, yenye kabureta na distribyuta, kama Land Rover za Series III zilizotengenezwa tangu 1971 hadi 1985, ambazo bado zinaonekana katika barabara zetu. Mwenye gari la dizeli asinifuate katika habari ya plagi, maana injini yake huchoma mafuta kwa mgandamizo, si kwa cheche.

Swali la kwanza halihitaji hata senti moja. Je, inakosa silinda ileile daima, au zote zinakosa ovyo ovyo? Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya akiba iliyogusishwa vizuri na chuma cha injini, mbali na harufu ya petroli, kisha uwashe na usikilize. Injini ikizidi kuyumba, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Ikiwa mlio haukubadilika hata kidogo, umempata mvivu wako. Zima, rudisha waya, nenda kwa silinda inayofuata. Waya usiuchomoe kwa mkono mtupu wakati injini inazunguka; umeme wa koili si wa kuchezea.

Kwa silinda moja iliyolala, plagi yake ihamishiwe kwenye silinda nzima, na ya silinda nzima iletwe hapa. Ubovu ukihama pamoja na plagi, nunua plagi. Ukibaki palepale, fanya vivyo hivyo kwa waya. Wakati plagi iko nje, itazame. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu ni dalili ya petroli nyingi kuliko hewa, na katika vumbi letu hili chujio la hewa lililoziba laweza kuleta hali hiyo. Plagi yenye oili inasema ringi au valvu zimechakaa. Iliyolowa petroli mara nyingi haikupata cheche. Nafasi ya ncha zake katika Land Rover hizo ni kama milimita 0.75 hadi 0.80, na ya pointi ndani ya distribyuta ni milimita 0.35 hadi 0.40. Kipimo chake ni fila geji, kifaa kidogo ambacho kila chama chenye gari kuukuu kingekuwa nacho kabla ya kununua koili.

Plagi na waya zikiwa nzima na silinda bado imelala, hapo wengi hukimbilia dukani. Msikimbie. Pimeni mgandamizo wa silinda zote, plagi zote zikiwa nje, kabureta ikiwa wazi, na betri ikiwa na nguvu. Silinda zisitofautiane kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi hivi. Iliyo dhaifu itiwe kijiko cha oili na ipimwe tena: mgandamizo ukipanda sana, ringi zinavuja, usipopanda, shuku valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu pamoja, huenda gasketi imeungua katikati yao. Na kabla ya kufungua kichwa cha injini, fundi apime nafasi za tapeti, kwani valvu isiyofunga sawasawa huungua. Baadhi ya injini kuukuu zilitegemea risasi iliyokuwa ndani ya petroli kuvilinda viti vya valvu, na petroli hiyo iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006.

Zikikosa zote ovyo ovyo, acha plagi, tazama vitu vinavyotumiwa na silinda zote: pointi, kondensa, rota, kifuniko cha distribyuta, koili na njia ya petroli. Kumisi alfajiri penye unyevu huelekeza kwenye kifuniko chenye ufa. Usiku, penye giza, cheche zake huonekana kwa macho. Kumisi baada ya injini kupata moto huelekeza kwenye koili au kondensa. Kumisi mlimani tu kwaweza kuwa cheche dhaifu au petroli isiyofika ya kutosha. Petroli ya madumu nayo huwa na maji, au imechanganywa na mafuta ya taa. Ni kwa sababu ya uchanganyaji huo EWURA ilianza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta.

Sasa, ndugu Makatibu, juu ya hati. Naomba kila ombi la kununua kipuri liwe na mistari mitatu: dalili aliyoieleza dereva, kipimo kilichofanywa kwa kila silinda, na jina la aliyepima. Kipuri cha zamani kirudi stoo na kuandikwa, kisibaki kwa fundi. Vipuri viwili visibadilishwe siku moja, kwani gari likipona hamtajua ni kipi kilichoponya, na mwakani mtanunua vyote viwili tena. Fundi atakayenung'unika kwamba anacheleweshwa, mwonyesheni gharama ya lori la kukodi.

Gari limeegeshwa hapo nje na fila geji ninayo. Dereva na makatibu watangulie, tuanze na silinda ya kwanza, iliyo upande wa rejeta.