Kulirudia Soko la Hisa kwa Hadhari



Nimeombwa niseme machache juu ya akiba za uzeeni. Sisemi kama mtaalamu, kwani katika utumishi wangu serikalini nilihesabu fedha za umma, si zangu. Nasema kama mtu aliyeungua akajifunza.

Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipoitikisa dunia, soko la hisa hapa Marekani liliporomoka. Niliingiwa na hofu, nikauza hisa zangu zote pasipo kumshauri mama watoto. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule soko lilikwisha kurudi kileleni, nami nimesimama kando na fedha zilizopungua. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: kwa miaka miwili sikuthubutu kurudi.

Binti yangu ndiye aliyenionyesha njia. Ni kununua hisa, na papo hapo kumwuzia mtu mwingine haki ya kuzinunua kwako kwa bei mliyopatana. Mikataba hii ilianza kuuzwa katika soko lake maalumu mjini Chicago mwaka 1973, na kwa kawaida mkataba mmoja ni wa hisa 100.

Natoa mfano wa hesabu. Hisa moja ni dola 50; nanunua 100 kwa dola 5,000. Nauza haki ya kuzinunua kwa dola 45 kila moja, nalipwa ada ya dola 6.50 kwa hisa, yaani dola 650. Ada hiyo ni yangu, litokee litokealo. Basi hisa zimenigharimu dola 4,350. Siku ya mwisho bei ikiwa juu ya 45, zitachukuliwa kwa dola 4,500, nami nina faida ya dola 150. Ikishuka hadi 43.50, sijapoteza kitu. Angeuza haki hiyo kwa bei ya 55 mwenye moyo mkubwa, apate ada ndogo na kinga ndogo, kwa kutumaini faida kubwa zaidi.

Sasa sikilizeni ubaya wake. Bei ikipanda hadi 70, faida yangu ni ile ile dola 150. Ikianguka hadi 30, nimepoteza dola 1,350. Ada hupunguza kishindo cha anguko, haizuii anguko. Tena mwenye haki aweza kuidai hata kabla ya siku ya mwisho, hasa gawio likikaribia, na dalali na mtoza kodi wote wana fungu lao.

Kwa hiyo, vijana wanaopendekeza mfuko wetu wa karo uingizwe katika biashara hii, nawajibu kwa upendo: hapana. Karo ina tarehe yake, na soko halingoji tarehe ya mtu. Fedha inayohitajika mwakani isikanyage huko.

Mama watoto yumo humu ukumbini. Hasara ile niliificha mwaka mzima kabla ya kumwambia, na kuificha kulimwuma kuliko hasara yenyewe. Ninyi msifanye hivyo. Kabla ya kununua, na kabla ya kuuza, semezaneni nyumbani.