Mtoto Anayejenga kwa Vipande vya Mbao
Maneno kwa wazazi, Gisenyi (Rubavu)



Leo tunazungumza habari za michezo ya watoto. Najua wengine mnasema moyoni: "Hema linavuja, chakula hakitoshi, na huyu anatuletea habari za michezo!" Mna haki kusema hivyo. Lakini sikilizeni kidogo.

Mwaka 2012, na tena kuanzia mwishoni mwa 2022, kituo cha Nkamira hapa Rubavu kilipokea watu waliokimbia vita Kivu Kaskazini. Kituo cha muda huitwa cha siku chache, lakini siku hugeuka miezi. Mtu mzima anaweza kungoja. Mtoto hangoji, yeye anakua. Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji.

Wengi wenu mnaijua chukudu. Haina injini wala pedali. Ni miti mitupu, na magurudumu yake yamevishwa raba ya tairi kuukuu. Hata hivyo hubeba mamia ya kilo za viazi au makaa, na mji wa Goma uliisimamishia sanamu. Waliyoifanya ni mafundi wa Kivu wenyewe, na watoto wao huwaiga kwa kutengeneza chukudu ndogo. Kazi ya injinia ndiyo hiyo: kutazama shida, kupima, kukata, kujaribu na kurekebisha.

Madukani kuna vipande vya plastiki vya kujengea, vya LEGO, na bei yake ni kubwa. Lakini aliyeanzisha kiwanda hicho, Ole Kirk Christiansen wa Denmark, alikuwa seremala. Mwaka 1932, kazi zilipokuwa haba, alianza kuchonga michezo ya mbao. Vipande vya plastiki vya namna ya leo vilikuja 1958. Basi sisi tuanzie alipoanzia yeye, kwenye mbao.

Fanyeni hivi:

1. Ombeni masalio ya mbao kavu kwa maseremala. Msikate miti, wala msichukue miti ya mahema. Mbao iliyopakwa rangi au oili chafu haifai.

2. Kateni vipande vya unene wa sm 3, upana wa sm 6 na urefu wa sm 12. Kateni na vifupi vya sm 6, na virefu vya sm 24. Vipimo visibadilike. Unene mara mbili ni sawa na upana, na upana mara mbili ni sawa na urefu. Uwiano huu aliutumia mwalimu Caroline Pratt wa New York zaidi ya miaka 100 iliyopita, na shule nyingi duniani wanaufuata.

3. Sugueni kingo kwa msasa. Kama hakuna, jiwe la volkano lenye kukwaruza linafaa. Msitie misumari.

Vipande 40 au 50 vinatosha watoto wachache kucheza pamoja, wavulana na wasichana.

Sasa mwache mtoto ajenge ukuta. Kwanza atapanga kipande juu ya kipande, viungo vyote katika mstari mmoja. Akiusukuma kidogo, unaanguka. Usimfundishe upesi, bali muulize: "Kwa nini?" Siku moja ataweka kipande juu ya kiungo cha viwili vya chini, na ukuta utasimama. Amejifunza kanuni ile ile ya mwashi wa matofali. Kisha mpe vijiti na kamba. Ataona kwamba vijiti vinne vilivyofungwa mraba hupinda, na vitatu vilivyofungwa pembetatu havipindi. Ndiyo maana fundi hutia mti wa mshazari kwenye paa na kwenye ukuta wa miti.

Jihadharini na mambo mawili. La kwanza, mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe kipande kinachoweza kuingia chote kinywani. La pili ni kubwa zaidi. Watoto hupenda kuokota vyuma na waya ili watengeneze gari. Mahali palipopiganwa vita, chuma kisichojulikana kinaweza kuwa guruneti au bomu. Mwambieni mtoto asikiguse, asikipige jiwe, arudi kwa njia ile ile aliyojia, na amwite mtu mkubwa. Waambieni maneno haya kila siku, hata wakichoka kuyasikia.

Ndugu zangu, siku moja mtarudi kwenu, au mtapata makao mahali pengine. Popote mtakapofika zitatakiwa nyumba, madaraja na mabomba ya maji. Ajuaye kwa nini ukuta unasimama hataketi akingoja mgeni aje kumjengea. Jioni hii, kabla ya giza, keti na mtoto wako. Mpe vipande sita tu, kisha umuulize atajenga nini.