Clarendon: Mahame ya Nyumba ya Mawindo ya Wafalme

Mwendo wa maili tatu hivi mashariki ya mji wa Salisbury, kusini ya Uingereza, pana kilima chenye miti mingi, na katika miti hiyo umesimama ukuta mmoja mrefu wa mawe. Mpita njia asiyejua habari zake aweza kuupita bila kugeuza shingo. Kumbe hapo ndipo palipokuwa Clarendon, ambapo wafalme walifikia walipokwenda kuwinda paa.

Mwanzo ilikuwa nyumba ya wawindaji tu, kisha ikakua hata ikawa jumba la enzi. Mwezi wa Januari 1164, Mfalme Henry wa Pili aliwakusanya hapo maaskofu na wakuu wa nchi, akawataka wakubali sheria za kuyatia mambo ya Kanisa chini ya mkono wa mfalme. Askofu Mkuu Thomas Becket alikubali, kisha akajuta. Ugomvi huo uliishia katika damu: tarehe 29 Desemba 1170 Becket aliuawa ndani ya kanisa lake la Canterbury. Baadaye Henry wa Tatu, aliyetawala tangu 1216 hata 1272, alitumia mali nyingi kulipamba jumba hilo. Lakini karne ya 15 ilipokwisha wafalme walikuwa wameliacha. Kuta zikaanguka, na msitu ukalimeza.

Katika mwaka 1933 Tancred Borenius, mtaalamu wa sanaa mzaliwa wa Finland, pamoja na John Charlton, walianza kupachimba. Walifuata misingi ya kuta, na ukumbi mkubwa, vyumba vya mfalme na malkia, na ghala ya mvinyo vikaonekana tena. Walikuta hata tanuru ambamo mafundi wa Henry wa Tatu walichoma vigae vya sakafu. Fundi alikandamiza muhuri wa mti juu ya udongo mwekundu ungali mbichi, akajaza alama yake udongo mweupe, akapaka dawa yenye madini ya risasi, kisha akatia motoni. Kigae kilitoka kikimetameta, chenye pambo lisilofutika upesi kwa miguu ya watu. Tanuru hiyo sasa imo katika Makumbusho ya Uingereza, mjini London.

Mwaka 1939 vita vilikuja, kazi ikasimama. Borenius alikufa mwaka 1948, na taarifa kamili ya machimbo ilikuwa haijatolewa. Ilitoka mwaka 1988, miaka 49 baada ya kazi kukoma, nayo iliandikwa na watu wengine, waliolazimika kuunganisha habari kutoka katika karatasi na picha zilizobaki.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Udongo wa mahame umelala tabaka juu ya tabaka, la chini likiwa la zamani zaidi, na kila kitu hueleza wakati wake kwa mahali kilipolala. Jembe likishapita, tabaka hizo hazirudi. Kwa hiyo mchimbaji mwema hupima, huchora na huandika kabla ya kuondoa kitu. Na mkulima anayekuta ukuta wa kale au vigae shambani mwake hufanya vema kuviacha vilipo na kuwaarifu watu wa makumbusho, maana kigae kilichong'olewa mahali pake kimeng'olewa na habari zake.